Mdadisi Anapobisha Hodi: Kwa Nini Kwako, si kwa Jirani?

Katika Sensa ya mwaka 2022, makarani waliokuwa na vishikwambi walipita kaya kwa kaya nchini Tanzania. Utafiti wa kaya ni tofauti: kaya chache huchaguliwa kwa bahati nasibu ziwakilishe nyingine zote. Mdadisi hupangiwa kaya zake katika kishikwambi, naye haruhusiwi kuzibadilisha. Asipokukuta, atarudi, hata kama jirani yu tayari kujibu. Kaya za wanaoshinda kazini zikiachwa, takwimu zitawasahau vibarua na wachuuzi.

Msimamizi naye anaweza kukurudia na maswali machache. Hakutilii shaka wewe. Anathibitisha kwamba mdadisi alifika kweli na hakujaza dodoso akiwa kivulini.

Tunakushauri udai kitambulisho kabla ya kujibu, na ukiwa na mashaka uulize ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Sheria ya Takwimu inalinda usiri wa majibu yako. Hupaswi kulipa ada wala kutaja namba ya siri ya simu au ya benki. Anayekuomba hayo, usimjibu. Toa taarifa polisi.