Ngozi Ikivutwa Pole Pole Hukua

Katika nchi ya Kenya wako wazee wa Kimasai na Kisamburu ambao ndewe za masikio yao zimeshuka hata kukaribia mabega. Zamani Wakikuyu nao walikuwa na desturi hiyo. Sikio lilitobolewa, likatiwa kijiti chembamba. Kidonda kilipopona, kilitiwa kijiti kinene zaidi kidogo, na hivyo kwa muda mrefu. Je, ngozi hiyo yote ilitoka wapi?

Wengi hudhani kwamba ngozi hutanuka tu kama mpira. Sivyo. Mpira ukiachwa hurudia udogo wake, na ukizidi kuvutwa hukatika. Lakini ngozi ni kitu kilicho hai. Imejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ivutwapo kwa nguvu kidogo isiyokoma, chembe hizo huisikia nguvu ile, nazo hugawanyika: moja huwa mbili, na mbili huwa nne. Mishipa midogo ya damu nayo huongezeka ili kuzilisha. Ndivyo ngozi ya tumbo la mama mja mzito inavyopata kumtosha mtoto akuaye ndani.

Madaktari wamelifanya jambo hili kuwa tiba. Mwaka 1957 daktari wa Marekani, Charles Neumann, alieleza jinsi alivyotia kipira chini ya ngozi ya mtu aliyepotewa na sehemu ya sikio, akakijaza kidogo kidogo mpaka ikapatikana ngozi ya kulitengenezea. Katika miaka ya 1970 daktari mwingine, Chedomir Radovan, aliiendeleza kazi hiyo kwa mfuko wa silikoni.

Mfuko huo hutiwa chini ya ngozi nzima iliyo kando ya kovu. Kila juma moja au mawili huongezwa maji ya chumvi kwa sindano. Baada ya miezi miwili au mitatu hivi mfuko hutolewa, kovu hukatwa, na ngozi mpya huvutwa ikafunika mahali pake. Rangi yake ni ile ile ya jirani zake. Na ikiwa ni ya kichwani, humea nywele.

Lakini haraka huharibu kazi yote. Ngozi ikivutwa kwa nguvu nyingi mara moja, mishipa hubanwa, damu haipiti, nayo ngozi hufa au huchanika. Kwa hiyo daktari akiona ngozi imegeuka rangi, au mgonjwa akilalamika maumivu makali, huacha kujaza na kungoja.

Basi, mzazi ambaye mtoto wake aliungua moto akabaki na kovu kubwa, asikate tamaa upesi. Si kila kovu lifaalo kutibiwa hivi, lakini yafaa amwulize daktari wa hospitali kubwa. Na akikubaliwa, asikose kumrudisha mtoto kila siku aliyoagizwa. Haba na haba hujaza kibaba.