Tuwafunze vijana wenye usonji kujitegemea

Wahenga walituusia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na nimeitaja darasani mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Hata hivyo, maana yake ilinipenya miaka miwili iliyopita, dada yangu mkubwa alipolazwa hospitalini kwa siku 9 na mwanawe wa pekee akaletwa kwangu.

Mpwa wangu huyo alikuwa na umri wa miaka 19. Ana usonji. Ni kijana mrefu kunipita, ndevu zimeanza kumwota, naye hukumbuka nambari za magari yote yaliyowahi kuegeshwa katika ploti wanamokaa. Asubuhi ya kwanza nilimwonyesha bafu, nikampa taulo, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi baada ya nusu saa nilimkuta amesimama palepale, taulo mkononi, hajavua hata shati. Alikuwa akingoja kuogeshwa.

Nilimpigia dada simu. "Kaka, mimi humwogesha mwenyewe," akanijibu bila kusita. "Maji ya moto yatamchoma. Na kisha ni mwanangu; nimfanyie nani kama si yeye?" Sikuwa na la kumwambia. Siku ya tatu alinipigia yeye, saa nne za usiku, sauti imemkauka. Alikuwa na swali moja tu: "Nisiporudi, nani atamwogesha?"

Mimi ni mwalimu wa isimu, na pengine ndiyo sababu jambo hili lilinijia kwanza kwa sura ya sarufi. Watu wote nyumbani mwetu hula, huvaa na huoga. Mpwa wangu hulishwa, huvishwa na huogeshwa. Sisi tuna kauli ya kutenda. Yeye, kwa miaka 19, alikuwa amefungiwa katika kauli ya kutendeshwa. Waliomfungia humo hawakuwa maadui zake. Walikuwa ni watu waliompenda kuliko nafsi zao, na kila siku walipomfungia vifungo vya shati walidhani wanamwauni.

Ni vyema msomaji akumbuke kwamba usonji si laana, si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si adhabu ya malezi mabaya. Ni hali inayotokana na jinsi ubongo unavyokua tangu mapema kabisa, na urithi una mchango mkubwa ndani yake. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliokuwa na hali hii. Miongoni mwa mambo aliyoyataja ni kwamba baadhi yao walirudia maneno waliyoambiwa jinsi yalivyo, bila kubadili nafsi. Mpwa wangu hufanya vivyo hivyo. Akitaka chai husema, "Unataka chai?" kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoyasikia kila chai ilipoletwa. Asiyemjua hujibu "La, ahsante," na kijana hubaki na kiu yake.

Fauka ya hayo, wengi wao huyachukua maneno kwa maana yake ya juu juu. Siku moja nilimwambia, "Hebu niangalizie maziwa jikoni." Aliyaangalia. Alisimama kando ya jiko akayaangalia yakipanda, yakimwagika na kuzima moto, asiyaondolee macho hata mara moja. Nilipogomba, alinitazama kwa mshangao wa haki. Alikuwa ametenda hasa nilichomwagiza. Mwenye kosa ni mimi, niliyetaka aelewe nisilolisema. Naam, tunapodai kwamba vijana hawa hawafundishiki, aghalabu ni sisi tulioshindwa kufundisha.

Wafundishwe vipi basi? Mwalimu mmoja wa elimu maalum, jirani yangu, ndiye aliyenipa mwanga. Aliniuliza kuoga kuna hatua ngapi. Nikasema ni kuoga tu. Akacheka, akanipa kalamu. Tulipomaliza kuandika tulikuwa na hatua 14, kuanzia kufunga mlango hadi kutundika taulo. Kila hatua tuliichorea picha, picha hizo tukazipanga ukutani ndani ya nailoni zisilowe. Mbinu hii ya kutumia picha na mpangilio unaoonekana kwa macho si ngeni. Ilipata nguvu kubwa kupitia mpango wa TEACCH, ulioasisiwa mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha North Carolina chini ya Eric Schopler, na haihitaji mashine wala fedha nyingi. Karatasi na kalamu zatosha.

Jambo la pili alilonifunza ni kuanzia mwisho. Katika kuvaa shati, nilimfungia vifungo vyote isipokuwa kimoja. Hicho akakifunga yeye, na kazi ikaishia mikononi mwake. Alipokizoea, nikamwachia viwili, kisha vitatu. Kila somo lilikwisha kwa ushindi badala ya machozi. La tatu, na kwangu ndilo lililokuwa gumu zaidi, ni kuondoa mkono. Leo unamshika kiganja, wiki ijayo unaonyesha kwa kidole, kisha unasimama mlangoni na kunyamaza. Anayependa huona uchungu kunyamaza huku mtoto akihangaika na soksi kwa dakika 10. Lakini ndizo dakika anazojifunzia.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo yasiyostahili nafasi gazetini. Sikubaliani nao. Kijana aliyezoea kuvuliwa nguo na yeyote atakayekuja hana namna ya kutambua mkono mwema na mkono mwovu. Anayefunzwa kufunga mlango wa bafu anafunzwa pia kwamba mwili wake una mwenyewe. Msichana anayejua kujisitiri wakati wa hedhi hana haja ya kumfichulia kila mtu siri yake. Stadi hizi za kila siku ndizo heshima ya mtu, na ndizo ngao yake siku ambayo mama hayupo.

Sisemi kwamba kila mwenye usonji ataishi peke yake. Wapo wanaohitimu vyuo vikuu, na wapo wasiozungumza kabisa na watakaohitaji msaada maisha yao yote. Wala kujitegemea si kutupwa. Hata mimi ninayejidai kujitegemea silimi ngano ninayoila wala sikushona suti niliyoivaa. Lakini baina ya kufanyiwa yote na kufanya yote kuna ngazi ndefu, na kila mtu ana haki ya kupanda vidato anavyoviweza. Aliyeweza kujimiminia maji ya kunywa leo ana kiasi kimoja cha uhuru ambacho jana hakuwa nacho.

Haki hiyo si hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinaamuru kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na asiitwe kwa namna ya kumdunisha. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotambua, katika kifungu cha 19, haki ya watu hao kuishi kwa uhuru na kushirikishwa katika jamii. Mtaala wetu wa umilisi nao umetambua stadi za maisha ya kila siku kuwa somo kwa wanafunzi wasiofuata mkondo wa kawaida. Hayo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, darasani mtoto hufunzwa kufunga vifungo, na jioni nyumbani hufungiwa. Akishatimiza miaka 18 au 20 hurejea kukaa sebuleni, na yote aliyofunzwa huyeyuka.

Pengo hili linaweza kuzibwa. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani. Ni mahali gani panapofaa zaidi kumfunza kijana kupika uji, kufua shati, kununua mkate na kuhesabu chenji? Kaunti zitenge nafasi humo kwa vijana hawa na kuajiri walimu wa elimu maalum. Aidha, wazazi waalikwe kujifunza pamoja na watoto wao, kwa maana somo lisilofika nyumbani ni maji ya kutia kwenye pakacha.

Dada yangu alirudi. Hakufurahi alipoona picha ukutani. Alihisi nimemnyang'anya kazi yake, na kwa wiki kadhaa hatukuzungumza vizuri. Baadaye alizibandika bafuni kwake mwenyewe. Mwezi uliopita nilimtembelea. Mpwa wangu alikuwa jikoni muda mrefu, nasi tulikaa sebuleni tukijizuia kwenda kumwangalia. Hatimaye alitoka, akamwambia mama yake, "Unataka chai?" Dada akainuka kwenda kumpikia kama ilivyokuwa desturi, akashika njia, kisha akasimama. Mkononi mwa kijana mlikuwa na sinia, na juu yake vikombe vitatu vikifuka moshi.

Ewe mzazi uliye na mtoto wa aina hii, usingoje serikali wala usingoje siku ya kulazwa. Leo jioni chagua kifungo kimoja tu cha shati, umwachie yeye.