Ukiongeza Fundi wa Pili

Fundi mmoja amepewa siku 10 kupaka rangi madarasa ya shule. Kwa siku ya saa 8, hizo ni saa 80 za kazi. Msimamizi anaona mambo yanasuasua, anafungua programu ya kupanga ratiba ya Microsoft Project na kuongeza fundi wa pili. Rangi itakamilika lini? Kwa mpangilio mmoja, muda unashuka hadi siku 5. Kwa mwingine, siku 10 zinabaki palepale na saa za kazi zinapanda kuwa 160, maana yake gharama ya ufundi imeongezeka mara mbili kwa kuta zilezile. Kwa wa tatu, siku ni 10 na saa ni 80 kama mwanzo, ila kila fundi anahesabiwa kuwa anafanya kazi nusu siku.

Programu haijakosea katika majibu hayo yote. Inafuata hesabu moja tu: kiasi cha kazi ni muda mara nguvukazi. Kati ya vitu hivyo vitatu, kimoja hushikwa kisiguswe, na mtumiaji ndiye anayechagua kipi. Kando ya uchaguzi huo kuna kisanduku kidogo cha kuweka tiki, nacho kinaamua jambo kubwa: watu wakiongezeka, je, wanagawana kazi iliyokuwepo, au kila anayeingia anakuja na kazi yake? Katika toleo la 2007 jukumu jipya lilikuja na tiki. Kuanzia toleo la 2010 linakuja bila tiki. Aliyehama kutoka toleo moja kwenda jingine bila kuliangalia hilo alifanya kilekile alichozoea, na tarehe zikamjia tofauti.

Kwa hiyo sikubaliani na desturi ya kumwachia mipangilio hii kijana anayejua kompyuta, wakubwa wakisubiri kuletewa chati. Anayeweka tiki ile ametamka kwamba kazi hii inagawanyika. Anayeiondoa ametamka kwamba bajeti iko tayari kubeba saa zaidi. Yote mawili ni maamuzi ya upeo wa kazi, na mkataba una la kusema juu yake.

Tuchukue zege. Nguvu yake hupimwa siku ya 7 na siku ya 28 baada ya kumwagwa. Hata ukileta vibarua mia moja, siku ya 28 haiji mapema. Jukumu la kusubiri kipimo hicho linapaswa kushikwa kwenye muda, na hapo ndipo ratiba nyingi zinapoharibika, kwa sababu kushika muda peke yake hakutoshi. Mtu anaandika siku 28, na programu inazisoma kama siku 28 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Zege likimwagwa Jumatatu, hesabu hiyo inafika Jumatano ya wiki ya sita, yaani siku 38 za kalenda. Zege halipumziki Jumamosi. Ratiba imejipa siku 10 za kungoja kitu ambacho tayari kimekomaa, na kila kinachofuata, kuanzia nguzo za ghorofa ya juu hadi mabati, kimesukumwa mbele bila sababu. Dawa yake ipo: muda unaweza kuandikwa kwa siku mfululizo, zinazohesabu usiku na mchana, wikiendi na sikukuu. Lakini ni lazima ajue anayeandika.

Fred Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi: wageni wanahitaji kufundishwa, na mawasiliano yanaongezeka. Kisanduku cha tiki hakilijui hilo. Chenyewe kinagawanya tu.

Kuna pia swali la mpangilio wenyewe unafika wapi. Dirisha la chaguzi linauliza kama mabadiliko ni ya mradi huu au ya miradi yote mipya, na wengi wanapita hapo bila kusoma. Zaidi ya hayo, kubadilisha aina ya jukumu, yaani kipi kinashikwa, kwenye dirisha hilo hakugusi majukumu yaliyokwisha kuandikwa. Ukirithi faili la mradi wa zamani, ukarekebisha chaguzi na kuendelea, utakuwa na ratiba moja yenye sheria mbili, na kwenye chati milia yote itafanana.

Kalenda nayo huja ikiwa saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, kisha saa 7 hadi saa 11 jioni, bila sikukuu hata moja. Saba Saba, Nane Nane na Idd inayofuata mwandamo wa mwezi zote huingizwa kwa mkono. Ukibadilisha idadi ya saa za siku kutoka 8 kwenda 9, kalenda haisogei. Kinachobadilika ni namna ya kugeuza siku kuwa saa.

Anayejua mpangilio sahihi wa kila jukumu mara nyingi hajawahi kuigusa programu hiyo. Yuko saiti. Kabla ya kuweka tiki, mpangaji amfuate amuulize: "Fundi, nikikuletea mwenzako kesho, utamaliza mapema?" Wa rangi atasema ndiyo. Wa umeme anaweza kusema hapana, kwa sababu wana ngazi moja tu na dari iko juu. Jibu hilo liandikwe kwenye sehemu ya maelezo ya jukumu lenyewe, mpangilio ufuate jibu, na hapo ndipo ratiba ipelekwe kwa mwajiri kutiwa saini.