Fahamu: Reli za umeme zilizounganisha miji ya Marekani

Ni nini?
Ni reli zilizounganisha miji na vijiji jirani kwa mabehewa ya umeme, makubwa na yenye kasi kuliko tramu za mjini. Kwa kawaida umeme ulitoka kwenye waya uliopita juu ya njia.

Zilianzaje?
Mwaka 1888, Frank Sprague alifanikisha mfumo wa tramu za umeme mjini Richmond, Virginia. Teknolojia hiyo ikavuka mipaka ya miji. Kufikia 1916, mtandao ulikuwa na takriban kilomita 25,000, Ohio na Indiana zikiongoza.

Kwa nini zilianguka?
- Magari: Ford Model T, iliyoingia sokoni 1908, na baadaye mabasi, yalichukua abiria.
- Barabara: Serikali ilizijenga kwa kodi, huku kampuni za reli zikigharamia njia zao zenyewe.
- Madeni: Kampuni nyingi zilikuwa na madeni, na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukazimaliza.

Nini kimebaki?
Mojawapo ya reli hizo, South Shore Line, kati ya Chicago na South Bend, bado inabeba abiria. Los Angeles ilifunga njia ya kwenda Long Beach mwaka 1961. Mwaka 1990 ikarudisha treni za umeme kwenye sehemu kubwa ya njia hiyohiyo.