Nyumbu wa Nyanda za Kitengela na Njia za Kumwona

Mgeni anayekuja Kenya kuwatazama wanyamapori aghalabu huelekezwa Maasai Mara, akawashuhudie nyumbu wakivuka mto kati ya Julai na Oktoba. Ni nadra kuambiwa kwamba kusini mwa Nairobi, katika nyanda za Kitengela na Kaputiei, kuna nyumbu wa aina nyingine asiyepatikana kwingineko duniani ila kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, mashariki mwa Bonde la Ufa. Makala haya yanamwangazia mnyama huyo, hali yake na namna msafiri anavyoweza kumfikia.

Kwanza, suala la jina. Neno nyumbu lina maana mbili: mnyama chotara wa punda na farasi, na huyu wa porini mwenye pembe zilizopinda na ndevu. Zaidi ya hayo, wapo wanaomchanganya na kongoni, ambaye ni jamaa yake tu, mwenye uso mrefu na mwembamba. Nyumbu wa mashariki ana mwili mkubwa kuliko mwenzake wa Mara na rangi yake imefifia zaidi. Ndevu zao wote wawili ni nyeupe, kwa hivyo anayewatofautisha kwa ndevu atapotea.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, ina takribani kilomita mraba 117 tu. Imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, kwenye Mto Mbagathi, iliachwa wazi kwa sababu maalumu. Mvua inaponyesha, nyumbu na pundamilia hutoka mbugani kuelekea nyanda za Kaputiei, kwenye nyasi fupi zenye madini yanayomfaa mama anayenyonyesha. Kiangazi kinapokaza, hurejea mbugani kunakodumu maji. Kwa maneno mengine, mbuga ni nusu tu ya makao yao. Nusu ya pili ni mashamba ya watu wa Kajiado.

Wafugaji wa Kimaasai waliishi na msafara huo kwa maarifa. Nyumbu huzaa katika miezi ya kwanza ya mwaka, na ndama wao hubeba virusi visivyowadhuru wenyewe. Makamasi na machozi ya ndama hao yakidondoka malishoni, ng'ombe akayala, huugua na ni shida kupona. Dawa ya wafugaji ilikuwa kuhamisha ng'ombe hadi ndama wakue. Ilihitaji jambo moja pekee, nalo ni nafasi.

Nafasi hiyo ndiyo iliyokwisha. Katika miaka ya 1980 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila familia ikapewa hati yake. Kituo kidogo cha biashara kilichokuwa kando ya barabara ya Namanga kikageuka mji mkubwa, viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi, na ardhi ikauzwa kwa ploti. Kila ploti na seng'enge yake. Nyumbu waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970 wamebaki maelfu machache.

Mwaka wa 2000 ulianza mradi wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, mradi wasizungushe ua, wasilime wala wasichimbe mawe. Malipo yalipangwa yaafikiane na kufunguliwa kwa shule, na karo nyingi zililipwa kwayo. Lakini shilingi 300 haziwezi kushindana na mnunuzi wa ploti, na si haki kumlaumu mfugaji aliyeuza.

Simba nao hufuata windo. Mnamo Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Machi 2016, simba aliyejulikana kama Mohawk alipigwa risasi karibu na Isinya. Katikati ya hayo, mvulana wa Kitengela, Richard Turere, alitumia betri ya gari, paneli ya sola na balbu za tochi kuunda taa za kumwekamweka zinazowafukuza simba zizini. Mwaka wa 2013, akiwa na umri wa miaka 13, aliueleza uvumbuzi huo Marekani.

Msafiri afanyeje basi? Aingie Mbuga ya Nairobi wakati wa kiangazi, hasa Agosti na Septemba, alfajiri, aelekee nyanda za kusini. Ada hulipwa kupitia eCitizen, si kwa fedha taslimu. Atawaona pundamilia, pofu na twiga kwa urahisi. Nyumbu humtaka subira.

Mwenye siku mbili aende Amboseli, humo humo Kajiado, kupitia Emali na Kimana au kupitia Namanga. Mbuga hiyo ya kilomita mraba 392 ina vinamasi vinavyolishwa na maji yapitayo chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, na kiangazi huwakusanya ndovu na nyumbu hapo. Ukame wa 2009 uliwaua nyumbu wengi mno, ila wangali wapo. Akitoka mbugani apitie hifadhi ya Kimana, iliyofunguliwa mwaka wa 1996 kwenye ardhi ya Wamaasai wenyewe. Ndovu wa Amboseli hupita papo hapo, na ada anayolipa mgeni huifanya ardhi hiyo iwe na sababu ya kubaki bila ua.