Fahamu: Kwa nini Hilux bado inatamba Mtwara

Marekani, Ford F-Series imeongoza mauzo ya pikapu tangu 1977, ikifukuzwa na Chevrolet na Ram. Mtwara madude hayo ni nadra: mengi yana usukani wa kushoto, na yanakunywa mafuta kupita kiasi. Hapa mchuano ni wa dabo kebini za wastani: Toyota Hilux, Ford Ranger, Isuzu D-Max, Nissan Navara na Mitsubishi L200.

Hilux, iliyoingia sokoni mwaka 1968, inabebwa zaidi na mafundi na vipuri. Gari likigoma kwenye mchanga wa Msimbati, au njia ya Kilambo kuelekea Ruvuma, anayekuokoa ni fundi aliyekwisha kufungua injini kama hiyo mara nyingi, na duka lenye klachi siku hiyohiyo. Ndiyo maana hata iliyochoka hupata mnunuzi, na bei yake haiporomoki ovyo. Ushabiki upo, lakini chini yake kuna hesabu.

Kwa starehe ya ndani, Ranger inaishinda, tusidanganyane. Ila kabla hujalipa, muulize kwanza fundi wako, muuzaji baadaye.