Pimeni Tope Kabla ya Kisima

Mwaka 2016, mjini Arundel katika jimbo la Maine, Marekani, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walijulishwa kwamba kisima cha mamlaka ya maji kilicho jirani na shamba lao kimekutwa na PFAS. Shamba hilo lilikuwa limerutubishwa kwa tope la majitaka tangu miaka ya 1980, kwa kibali cha serikali. Kemikali zilikuwa zimeshapita kwenye udongo, zikaingia kwenye nyasi na hatimaye kwenye maziwa.

PFAS ni maelfu ya kemikali za viwandani zinazokataa maji na mafuta. Zimo katika vikaango visivyogandisha chakula, makoti ya mvua na povu la zimamoto. Kaboni na florini zikishikamana, bakteria wa mtambo wa majitaka hawawezi kuzitenganisha. Kwa hiyo maji hutoka mtamboni yakionekana safi, huku kemikali kama PFOS zikinata kwa wingi kwenye tope.

Kuzipima kunadai uangalifu mkubwa. Mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 za PFOS katika lita moja ya maji ya kunywa. Katika bwawa la kuogelea la Olimpiki lenye lita milioni 2.5, hiyo ni miligramu 10 tu. Ndiyo maana anayechota sampuli havai koti la mvua wala hatumii utepe wa Teflon kwenye mabomba. Hubeba pia maji ya maabara yasiyo na PFAS, akayahamishia kwenye chupa nyingine palepale kisimani. Maji hayo yakikutwa na kemikali, uchafu umetoka kwenye mikono au vifaa, na majibu ya kisima hayaaminiki.

Tope lina shida zaidi, kwa sababu lina mafuta, sabuni na kila kitu kilichopita chooni na jikoni. Maabara hulichanganya na methanoli yenye amonia ili kemikali ziachie, kisha huchuja kwa kaboni. Kabla ya hapo huongeza kiasi kinachojulikana cha PFAS yenye kaboni nzito, ili mashine ionyeshe ni kiasi gani kimepotea njiani. Majibu hutolewa kwa kilo ya tope kavu. Anayesoma takwimu za tope bichi anaona namba ndogo kwa sababu ya maji tu.

Hata hivyo, orodha ya maabara haimalizi kemikali zote. Zipo zisizopimwa ambazo baadaye, mtamboni au udongoni, hugeuka kuwa PFOS. Tope lililofaulu kipimo linaweza bado kuchafua shamba.

Nasisitiza tope kwa sababu maji ya ardhini husafiri polepole. Kisima kinapotoa taarifa, udongo juu yake unaweza kuwa umebeba sumu kwa miongo kadhaa, na hakuna njia rahisi ya kuuosha. Maine ilipiga marufuku kumwaga tope mashambani mwaka 2022. Michigan imechagua kulipima kwanza, na tope lenye PFOS nyingi haliruhusiwi kufika shambani. Mjini Lapeer, katika jimbo hilo, kiwango kikubwa kilichokutwa kwenye majitaka na tope kilifuatiliwa hadi kiwanda cha kupaka plastiki kromi, na kiwanda kikafunga vichujio vya kaboni kabla majitaka yake hayajaingia kwenye bomba la mji.